Mpingo unapandika, tatizo si mbegu

Katika makundi ya WhatsApp ya wakulima wa Tanzania, habari za mpingo ziko za aina mbili, na haziivi chungu kimoja. Wapo wanaosema mpingo haupandiki: ni mti wa porini, uliota wenyewe enzi za mababu, na ukikatwa ndio basi. Wapo pia wanaouza miche kwa mbwembwe, panda ekari moja leo, baada ya miaka 15 wewe ni milionea. Msomaji wa kawaida anabaki katikati, hajui amwamini nani.

Wote wawili wanapotosha. Mbegu ya mpingo huota bila mizungu yoyote, na ikiwa nzima haichukui hata mwezi. Kazi huanza baada ya hapo, na hiyo ndiyo sehemu ambayo muuza miche haisemi, kwa sababu akiisema hauzi.

Tuanze na mti wenyewe, maana wengi wetu tunaujua mpingo wa kinyago tu. Ukiwa hai porini, mpingo si mweusi. Gome lake ni la kijivu, vitawi vyake vifupi vinaishia kwa miiba, majani ni madogo madogo, na maua yake meupe yana harufu nzuri. Mara nyingi hauzidi mita 10, na hupenda kutoa mashina mawili matatu yaliyopinda badala ya shina moja lililonyooka. Kitaalamu unaitwa Dalbergia melanoxylon. Watu huuchanganya na abunusi kwa sababu ya weusi wa mbao, lakini miti hiyo si ndugu. Mpingo ni wa jamii ya mikunde, ukoo mmoja na maharage, kunde na mkwaju. Eneo lake ni kubwa, kuanzia Senegali hadi Ethiopia na kushuka hadi kusini mwa Afrika, ila mbao zinazouzwa duniani hutoka zaidi Tanzania na Msumbiji. Kwetu utaukuta kwa wingi Kilwa, Liwale, Nachingwea na maeneo mengine ya Lindi na Mtwara.

Weusi uko ndani. Kata shina la mpingo mkubwa utaona sehemu mbili. Ya nje ni nyembamba, nyeupe inayoelekea njano: hiyo ndiyo hai, ndiyo inayopandisha maji kutoka mizizini. Ya ndani ni kiini. Seli za kiini zimekufa, na kabla ya kufa mti ulizijaza kemikali zinazozuia kuvu na wadudu. Kemikali hizo ndizo zinazokipa kiini rangi ya zambarau iliyokolea hadi kuwa nyeusi. Kiini kikavu kina uzito wa zaidi ya kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, na kwa kuwa maji ni kilo 1,000, kipande cha mpingo halisi huzama. Kwa mnunuzi wa vinyago hilo ni jambo la kukumbuka: pale Mwenge, Dar es Salaam, na kwingineko, kuna vinyago vya mbao nyepesi vilivyopakwa rangi ya viatu vikauzwa kwa jina la mpingo. Kishike mkononi kwanza. Kama ni chepesi, hata kiwe cheusi namna gani, achana nacho. Ukiweza, geuza upande wa chini uangalie kama kuna mahali weupe wa mti umebakizwa. Mchongaji wa mpingo hana haja ya kuuficha weupe huo, na wengine huuacha makusudi uwe sehemu ya sura au nguo ya kinyago.

Mti mchanga hauna kiini. Mwenye shamba anaweza kuwa na mpingo wenye shina la kuridhisha, akaukata, akakuta ndani kumejaa weupe mtupu wenye kidoti cheusi katikati. Hapo ndipo hesabu ya miaka 15 inapovunjika. Makadirio yanayotajwa sana kwa mpingo kufikia ukubwa wa kuvunwa mbao ni miaka 70 hadi 100. Misindano ya Mufindi hukatwa ikiwa na miaka 18 hadi 25 hivi. Mitiki huhitaji miaka ishirini na kitu, na mikaratusi ya nguzo ni chini ya hapo. Anayeuza mpingo kwa kalenda ya msindano anauza kitu kingine.

Kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba mpingo huchelewa kwa namna mbili tofauti, na lawama zote hutupiwa mbegu. Kuna huko kuchelewa kwa uzeeni, kwa shina kunenepa na kiini kujaa. Na kuna kuchelewa kwa utotoni, ambako mche uliopandwa unakaa miaka miwili au mitatu ukiwa umefika magotini tu, tena kila kiangazi unaonekana kama umekufa. Mkulima anakata tamaa, anasema udongo wangu haufai, au niliuziwa mbegu mbovu.

Mche huo haujalala. Ni kama jirani aliyenunua kiwanja akatumia fedha zote kwenye msingi: mwaka mzima wapita njia hawaoni kitu juu ya ardhi, wanamcheka, kumbe zege limeshamwagwa. Mpingo wa nyikani unaishi mahali penye kiangazi cha miezi sita, nyasi ndefu, moto na wanyama wanaokula majani yake. Mche unaowahi kurefuka juu kabla ya kuwa na mzizi wa kina hufa kiangazi cha kwanza. Kwa hiyo unashusha mzizi kwanza. Sehemu ya juu ikiungua au ikiliwa, mzizi unatoa chipukizi jipya mvua zikija. Inaweza kutokea hivyo mara kadhaa, hadi siku mzizi unapokuwa na akiba ya kutosha kurusha shina juu ya nyasi. Mninga una tabia hiyohiyo, tena kwake imechunguzwa sana: mche wake porini hufa juu na kuchipua upya kila mwaka, kwa miaka mingi, kabla haujasimama kuwa mti.

Mbegu na kitalu

Tunda la mpingo ni ganda bapa, jembamba kama karatasi, lenye mbegu moja au mbili, mara chache zaidi. Halipasuki lenyewe kama la kunde. Linakauka likiwa mtini, kisha upepo unalichukua likiwa zima. Kwa hiyo usisubiri mbegu zidondoke ndipo ukaokote, maana zilizoko chini zimekwisha kutobolewa na wadudu au zimelala kwenye unyevu. Nenda kiangazi, maganda yakiwa yamegeuka kahawia na yanachakacha. Tandika turubai chini, vuta matawi kwa upondo, kung'uta. Usipande mtini ila kama ngozi yako haiogopi miiba.

Chukua maganda kutoka miti kadhaa iliyo mbalimbali, na chagua yenye shina lililonyooka kuliko mingine. Wengi hufanya kinyume: wanachuma kwenye mti mfupi uliojikunja karibu na barabara kwa sababu ndio unaofikika, halafu miche ikitoka na mashina matatu matatu wanashangaa.

Nyumbani, inua ganda moja dhidi ya jua. Mbegu nzima itaonekana kama kivuli chenye umbo la figo. Ukiona tundu dogo la duara kama la sindano, mdudu ameshatoka humo na hakuna cha kupanda. Usihangaike kumenya kila ganda, kazi hiyo haina mwisho na mbegu zenyewe ni laini, zinavunjika. Katakata ganda vipande, kila kipande na mbegu yake, inatosha.

Hapa kuna uvumi wa kuondoa. Nimesikia watu wakishauri kuchemsha mbegu za mpingo, kuzisugua kwa msasa, hata kuziweka kwenye tindikali. Ushauri huo ni wa mbegu zenye ganda gumu, kama za mbuyu na baadhi ya migunga. Mbegu ya mpingo ina ngozi nyembamba. Ukiichemsha umeipika. Iloweke kwenye maji ya kawaida usiku kucha, au siku nzima, kisha sia. Mbegu mpya itaanza kuchomoza baada ya wiki moja hadi tatu. Ikiwa imekaa ndani kwa mwaka mmoja au miwili mahali pa joto na wadudu, usitegemee mengi. Kama ni lazima uhifadhi, kausha vizuri, weka kwenye chombo kinachofunga kabisa, mahali penye ubaridi.

Udongo uwe unaopitisha maji: wa juu wa msituni uliochanganywa na mchanga, na samadi iliyooza kidogo tu. Jitahidi upate angalau ndoo moja ya udongo kutoka chini ya mpingo mkubwa. Kama mikunde mingine, mpingo hushirikiana na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kuupatia naitrojeni kutoka hewani. Udongo wa kitalu cha mjini unaweza usiwe na bakteria hao, na miche ikawa ya njano huku unaongeza mbolea bila mafanikio. Ukipasua kiriba (mfuko wa kuoteshea) cha mche mzuri, tafuta vinundu hivyo kwenye mizizi midogo. Ukivikuta, acha kununua mbolea ya naitrojeni.

Tumia viriba virefu. Hilo nalisisitiza kuliko yote ya kitaluni, kwa sababu viriba vifupi vya miche ya mapapai vinaua mipingo kimyakimya. Mzizi mkuu ukigonga chini ya kiriba unajizungusha, na mche unaoonekana mzuri siku ya kuuzwa unakwenda shambani ukiwa na fundo. Utaishi mwaka, pengine miwili, halafu kiangazi kikali kikija haufikii maji. Inua viriba kila baada ya wiki chache ili mizizi iliyotokeza chini isijishikize ardhini, na ikate. Kivuli ni cha wiki za mwanzo tu. Mpingo ni mti wa jua. Mwezi mmoja kabla ya kuhamisha, ondoa kivuli chote na punguza maji taratibu.

Kusini, ambako mvua ni za msimu mmoja kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, kusia Julai au Agosti kunaipa miche muda wa kutosha kuingia shambani na mvua za kwanza nzuri. Usitishike na urefu. Mche wa sentimeta 20 wenye mzizi ulionyooka ni bora kuliko wa sentimeta 50 uliolelewa kivulini kwa maji mengi.

Nyasi, mbuzi na kiberiti

Sasa ndipo miche mingi inapopotea. Kampeni za kupanda miti hupenda siku ya kupanda: viongozi, fulana, picha. Miezi sita baadaye nyasi zimefika kiunoni na hakuna anayejua miche iko wapi. Mpingo mdogo haushindani na nyasi kwa maji wala kwa jua. Palilia mduara wa mita moja kuzunguka kila mche, mara mbili au tatu kila msimu wa mvua, kwa miaka mitatu ya mwanzo isiyopungua. Mahali penye mbuzi, zungushia miiba. Matawi ya mpingo mkubwa yenyewe yanafaa.

Moto unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu watu wameambiwa mambo mawili yanayopingana: kwamba mpingo unastahimili moto, na kwamba moto unaumaliza mpingo. Yote mawili ni kweli, inategemea umri wa mti na aina ya moto. Mti mkubwa unapona moto wa nyasi unaopita haraka. Ila kila moto mkali unapochoma gome upande mmoja unaacha kidonda, maji na kuvu vinaingia, na baada ya miongo kiini kinakuwa na uwazi katikati. Mkata mbao anaweza kuangusha mti wa miaka mia akakuta bomba. Watengeneza klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza, ambao ndio wanunuzi wa bei ya juu, hawataki nyufa, vifundo wala nyuzi zilizopinda, na ndiyo maana ni sehemu ndogo tu ya gogo inayofika kiwandani kwao. Kwa mche ni tofauti: moto hauui mzizi, lakini unaurudisha kwenye hesabu ya mwanzo kila mwaka. Mche uliochomwa mara tano una mzizi wa mtu mzima na shina la mtoto.

Kilwa wamejaribu njia ambayo wageni wengi huielewa vibaya. Shirika la MCDI, lililoanza kama mradi wa kuhifadhi mpingo, lilivisaidia vijiji kufanya uchomaji wa mapema. Mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, wanakijiji waliofunzwa huchoma vipande vipande vya msitu kwa makusudi, asubuhi au jioni. Moto huo ni wa chini, unajizima wenyewe usiku kwa umande. Ukifika Septemba au Oktoba, mwezi ambao mtu mmoja akitupa kiberiti msitu mzima huwaka hadi kwenye matawi, moto unakuta ardhi iliyokwisha kuchomwa na hauna cha kula. Kwa mwenye shamba dogo, toleo la njia hiyo ni kufyeka mkanda wa mita tano hadi kumi kuzunguka shamba kabla nyasi hazijakauka. Kuchoma peke yako bila kuwaarifu majirani na serikali ya kijiji ni kutafuta kesi.

Mimi, kama mtu ana eneo ambalo mipingo ilikuwepo zamani, namshauri asikimbilie kununua miche. Atembee kwanza. Mpingo uliokatwa hutoa machipukizi kwenye kisiki, na mizizi yake ikijeruhiwa hutoa vichipukizi vingine mita kadhaa mbali na mti. Hayo yana mzizi wa miaka mingi chini yake. Hayaanzi na msingi. Chagua chipukizi moja au mawili yaliyonyooka, ondoa mengine, pogoa matawi ya chini, weka alama ya kitambaa ili wachunga ng'ombe wajue kuna mwenyewe. Dodoma kazi ya namna hii kwa miti mingine ya asili imeenea kwa jina la Kisiki Hai, na gharama yake ni panga na muda. Kupanda kwa mbegu kubaki kwa maeneo ambako mizizi imekwisha kung'olewa kwa trekta, au ambako mpingo haukuwepo.

Hata huko inawezekana. Moshi, marehemu Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea, alianzisha mwaka 1996 pamoja na Mmarekani James Harris mradi wa kuotesha na kupanda mipingo, akaifanya kazi hiyo na shule na vikundi vya vijana. Alifariki mwaka 2014. Hoja ya kwamba mpingo haupandiki ilijibiwa pale muda mrefu uliopita.

Kuna na hofu ya sheria. Utasikia mpingo umepigwa marufuku duniani. Haujapigwa. Tangu Januari 2017 mpingo, pamoja na karibu miti yote ya jenasi ya Dalbergia, yaani ndugu zake wa karibu, umeingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Maana yake biashara ya kuvuka mipaka inaruhusiwa kwa vibali vinavyothibitisha kwamba mti ulivunwa kihalali na kwa kiasi kisichomaliza mbegu. Ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa sharti hilo mwishoni mwa 2019, baada ya wanamuziki kulalamika kusumbuliwa viwanja vya ndege. Misitu ya vijiji vya Kilwa ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, ikavuna na kuuza mpingo, na fedha zikaingia kijijini. Kilichokatazwa ni kukata bila kibali.

Na fedha? Ukipanda mpingo leo hutauza mbao wewe. Hilo mtu alijue kabla hajafungua pochi, na kama anataka ada ya shule ya watoto apande mitiki au korosho, aweke mipingo mpakani. Hapo haichukui nafasi ya zao, na ikipandwa mita tatu tatu itasukumana kwenda juu badala ya kutanuka. Miaka ya kwanza itakupa miiba ya uzio na majani ya mifugo, baadaye maganda ya mbegu ya kuuza kwa wenye vitalu.

Jambo la karatasi lifanyike mapema. Piga picha miche ikiwa midogo, andika mwaka, idadi na mipaka, peleka nakala ofisi ya kijiji na kwa afisa misitu wa wilaya, nyingine iwe na hati zako za shamba. Mpingo ni mti wa asili, na mtu akienda kuomba kibali cha kuukata au cha kuusafirisha ataulizwa kama ulipandwa au ulikuwa wa msitu. Huyo atakayeulizwa huenda ni mjukuu wako, na hatakuwa na wa kumshuhudia.